Kompyuta Ikizima Ghafla, Tusikimbilie Kuitupa

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule



Nimeombwa nizungumzie kazi yangu ya ufundi wa kompyuta. Kazi hiyo ni pana, na kama ningeieleza yote tungechelewa chakula cha mchana, kosa ambalo wanafunzi wa shule hii, wa zamani na wa sasa, hawajapata kumsamehe mtu yeyote. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu. Nalo ni kompyuta inayoganda, au inayozima ghafla na kujiwasha tena yenyewe, na namna ambavyo mara nyingine hutengemaa bila kununuliwa kifaa chochote, kwa kusahihisha tu maandishi yaliyomo ndani ya mazabodi yake.

Sikulichagua jambo hili kwa bahati. Katika ajenda za leo liko pendekezo la kuziondoa kompyuta tisa za shule kwa kuwa "zinazimazima", na kuchangishana fedha tununue nyingine. Nitalifikia pendekezo hilo. Lakini kabla hatujaamua, yafaa tujue kinachoifanya kompyuta izime.

KIRANJA WA ZAMU

Vijana mmefundishwa kwamba kompyuta ina sehemu mbili: vifaa vinavyoshikika, na programu zisizoshikika. Hiyo ni kweli, ila katikati kuna sehemu ya tatu ambayo watu wengi hawaijui. Huitwa fimuwea. Jina hilo lilitolewa mwaka 1967 na Mmarekani Ascher Opler, akiwa na maana ya kitu kilicho kati ya kigumu na laini. Ni programu, lakini imehifadhiwa ndani ya chipu, nayo haiondoki hata umeme ukikatwa. Fimuwea ya mazabodi ndiyo mafundi huiita BIOS, ingawa katika mashine za siku hizi jina lake sahihi ni UEFI.

Kazi yake ni ipi? Wote tuliolala katika mabweni haya tunamkumbuka kiranja wa zamu. Huamka kabla ya watu wote. Hugonga kengele, huhesabu vitanda, hutazama nani mgonjwa na nani hayupo, kisha humkabidhi mwalimu wa zamu shule iliyokwisha kusimama mstarini. BIOS hufanya hivyo hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Huamsha prosesa, huhesabu kumbukumbu, huangalia diski na kibodi, hupanga kila kifaa kipewe umeme kiasi gani na kiende kwa kasi gani, kisha humkabidhi kazi mwalimu wa zamu, ambaye ni Windows au Linux.

Sasa fikirini kiranja huyo amepewa daftari la maagizo lenye makosa. Limeandikwa kwamba mtoto mmoja abebe ndoo mbili, na mwingine aamshwe kabla hajapona homa. Asubuhi mambo yatakwenda. Saa nne mtu ataanguka. Mtamlaumu aliyeanguka, na huenda mkamlaumu mwalimu, kumbe kosa liko katika daftari la kiranja.

Zamani daftari hilo halikufutika. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na BIOS ya kilobaiti 8 tu, iliyochomwa ndani ya chipu moja kwa moja. Aliyetaka kuisahihisha alilazimika kung'oa chipu na kuweka nyingine. Katika miaka ya 1990 zilienea chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya zikiwa mahali pake. Leo daftari la kiranja huwekwa katika chipu ya megabaiti 16 au 32. Ni maandishi mengi mno, yameandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Heri ni kwamba makosa hayo husahihishika.

SOMO LA 1994 NA SOMO LA 2024

Ili muone tofauti kati ya kosa linalosahihishika na lisilosahihishika, nitawapa mifano miwili inayojulikana dunia nzima.

Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu wa Lynchburg College, jimbo la Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa mpya ya Pentium ilitoa majibu yasiyo sahihi katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa lilikuwa ndani ya chipu yenyewe, wala hapakuwa na njia ya kuliandika upya. Intel, watengenezaji wake, Desemba mwaka huo wakakubali kumbadilishia kila mwenye nayo aliyetaka. Jambo hilo liliwagharimu dola milioni 475.

Prosesa za Intel zilizofuata, kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, zikawekewa mlango mdogo wa masahihisho. Ndani ya prosesa kuna maagizo madogo madogo yaitwayo maikrokodi, yanayoielekeza namna ya kutekeleza kazi zake, na baadhi yake huweza kubadilishwa. Lakini lishikeni hili, vijana: masahihisho hayo hayakai ndani ya prosesa. Umeme ukikatika yanapotea. Ni lazima yasomwe upya kila mashine inapowashwa, na anayeyasoma ni yule kiranja wetu, BIOS, au baada yake Windows au Linux. Ndiyo maana ugonjwa wa prosesa mara nyingine hutibiwa kwa kusahihisha mazabodi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 zilitoka Oktoba 2022, na za kizazi cha 14 Oktoba 2023. Baada ya muda baadhi ya wenye mashine zenye nguvu wakaanza kuona mambo ya ajabu. Michezo ya kompyuta ilikatika katikati. Mafaili yaliyobanwa yalikataa kufunguka. Wengine waliandikiwa kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, na hali ilikuwepo ya kutosha. Basi wakailaumu kadi ya picha, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Tarehe 22 Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maikrokodi ilikuwa na hesabu yenye kosa, iliyoifanya prosesa iombe volti nyingi kupita kiasi. Agosti yakatoka masahihisho yaliyopewa namba 0x129, yakizuia prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55. Septemba yakafuata ya 0x12B, pamoja na maelezo kwamba volti hizo zilikuwa zikichakaza sehemu ya prosesa inayoongoza mapigo ya saa yake. Mwaka 2025 yakaongezwa ya 0x12F, kwa mashine zinazoachwa zikiwaka siku nyingi mfululizo kwa kazi nyepesi. Masahihisho hayo yaliwafikia watu kwa njia ya BIOS mpya za mazabodi.

Je, waliosahihisha wote walipona? La hasha. Waliowahi walipona. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haikurudi kuwa nzima, na Intel wenyewe walisema hivyo, wakaongeza miaka miwili katika dhamana ili zilizoharibika zibadilishwe. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Masahihisho ya BIOS ni kuziba ufa. Hayajengi ukuta ulioanguka.

Wala msidhani ni Intel peke yao. Aprili 2023 zilionekana prosesa za AMD aina ya Ryzen 7000 zilizoungua pamoja na soketi zake. Hapo pia dawa ilikuwa BIOS mpya, iliyoweka kikomo cha volti 1.3 katika sehemu ya prosesa iitwayo SoC.

DAFTARI LILILOMWOKOA KIJANA

Nitatoa na mfano mmoja wa kazini kwangu, bila kutaja ofisi wala waliotengeneza mashine. Ofisi moja ya upimaji wa ardhi ilikuwa na kompyuta ya kuchorea ramani, ikizima mara tatu au nne kwa siku. Walibadili kumbukumbu mara mbili, wakabadili powasaplai, wakapiga Windows upya mara nne. Kila baada ya matengenezo ilitulia nusu siku, kisha ikarudia. Lililobaki katika orodha yao ni kumfukuza fundi wao, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Bosi alishaamini kwamba kijana ndiye anayeiharibu.

Nilipoitwa sikuigusa mashine. Nilimwuliza kijana maswali matatu: inazima saa ngapi, ikiwa inafanya nini, na tangu lini. Kijana akatoa kaunta buku. Alikuwa ameandika kila mara ilipozima, tarehe na saa, kwa muda wa wiki tano. Tulipoyasoma pamoja tukaona kwamba mashine haikuzima hata mara moja ikiwa na kazi nzito. Ilizima saa ya chai, saa ya chakula, na jioni watu wakiwa wanazungumza. Yaani ilizima ikiwa imepumzika.

Jambo hilo lilitueleza mengi. Mashine yenye joto kali au powasaplai dhaifu kwa kawaida huanguka ikibebeshwa mzigo. Inayoanguka ikipumzika hutufanya tutazame namna inavyopunguziwa umeme wakati wa mapumziko, na hiyo ni kazi ya fimuwea. Tukasoma maelezo ya watengenezaji wa mazabodi ile. Baada ya BIOS iliyokuwamo walikwisha kutoa nyingine tatu, na ya pili yake ilisema waziwazi kwamba inarekebisha kuzima kwa mashine isipokuwa na kazi. Tuliiweka ya mwisho kabisa, kwa kuwa hubeba na masahihisho ya zile za kabla yake. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Mashine haikuzima tena, na kijana yule yuko kazini mpaka leo. Kilichomwokoa hasa ni lile daftari lake, kwa kuwa bila hilo tusingejua pa kutazama.

UTARATIBU WA KUFUATA

Sasa niseme na vijana wanaotaka kuwa mafundi. Utaratibu ni huu.

Kwanza, andikeni. Mashine ilizima lini, ikifanya nini, ilionyesha maneno gani. Windows nayo ina daftari lake, Event Viewer, lisomeni.

Pili, ondoeni sababu za kawaida kabla ya kufikiria BIOS. Vumbi katika feni. Joto. Kumbukumbu iliyolegea au mbovu, ambayo hupimwa kwa programu kama MemTest86. Powasaplai iliyochoka. Programu iliyoingizwa juzi. Kompyuta nyingi nilizoletewa katika miji yetu yenye vumbi na umeme wa kupandashuka zilikuwa na mojawapo ya sababu hizi, wala BIOS haikuhusika.

Tatu, jueni mlicho nacho. Katika Windows andikeni msinfo32, mtaona toleo la BIOS na tarehe yake. Aina ya mazabodi isomeni juu ya mazabodi yenyewe, pamoja na namba ya toleo lake, kwani mazabodi mbili zenye jina moja lakini toleo tofauti huweza kuwa na BIOS tofauti.

Nne, someni maelezo ya watengenezaji. Kama yanataja ugonjwa wenu, au hatari kama ile ya mwaka 2024, au tundu la usalama lililozibwa, endeleeni. Kama hayagusi chochote chenu na mashine ni nzima, hakuna haraka. Faili lichukueni kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe tu, si kwa rafiki aliyelituma kwa simu.

Tano, nakilini kazi zote mahali pengine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, isimamisheni kwanza na mwe na ufunguo wake, kwani baada ya BIOS kubadilika Windows huweza kuudai.

Sita, na hapa nawasihi, hakikisheni umeme. Kama ni kompyuta ya mezani, iunganisheni na UPS iliyojaa. Kama ni laptopu, iwe na chaji ya kutosha na chaja imechomekwa. Tusianze kazi hii LUKU ikiwa imebakiwa na yuniti mbili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari la kiranja hubaki nusu ukurasa, na kesho yake hakuna wa kugonga kengele. Mashine haitaonyesha chochote.

Hali hiyo si kifo cha hakika. Baadhi ya mazabodi zina kitufe cha nyuma cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa, nyingine zina nakala mbili za BIOS, na fundi mwenye kifaa maalumu huweza kuiandika chipu moja kwa moja. Ila ni usumbufu na gharama. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani, na wenye mashine hizo walijifunza siku moja thamani ya kitu ambacho hawakuwa wakijua kwamba kipo.

Saba, kazi ikianza, mikono iondoke. Msibonyeze kitu wala msizime kwa kudhani imeganda. Ikimaliza, ingieni katika BIOS mtazame upya mipangilio, kwani mara nyingi hurudi ya kiwandani. Kisha itazameni mashine kwa wiki mbili, daftari likiwa mkononi.

KOMPYUTA TISA ZA SHULE

Ndugu Mwenyekiti, sasa narudi kwenye ajenda yetu. Jana alasiri, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule na kwa msaada wa vijana wanne wa kidato cha tatu, nilizifungua zile kompyuta tisa. Nne hazikuwa na ugonjwa ila vumbi lililoziba feni, na krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa iliyokauka ikawa kama chokaa. Moja ilikuwa na kipande cha kumbukumbu kilicholegea. Mbili ni za aina moja, zimefika pamoja, na BIOS zao hazijaguswa tangu kiwandani. Watengenezaji wametoa masahihisho yanayotaja kuganda kwa mashine kama hizo. Tuliziandika upya jioni, kwa UPS tuliyoazima ofisi ya mhasibu. Mbili za mwisho zimekufa kweli. Kapasita zake zimevimba, na kwa umri wake sishauri zitengenezwe.

Usiku mmoja si ushahidi, na sitasimama hapa niseme kwamba saba zimepona. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuzihukumu zote tisa kwa kosa moja la "kuzimazima", wakati kila moja ilikuwa na lake. Kwa hiyo naomba mkutano ufikirie mambo matatu. Uamuzi wa kuziondoa saba uahirishwe kwa mwezi mmoja. Mchango wa leo uanze kwa kununua UPS za chumba cha kompyuta, maana hata kompyuta mpya zitauawa na umeme huu huu. Na chumba hicho kiwe na daftari la hitilafu mezani, linaloandikwa na wanafunzi wenyewe. Vijana wanne wa jana wamekubali kulianzisha.

Wanafunzi wa sasa, mkitoka hapa mtaingia katika ofisi na viwanda ambako chombo kikisimama mtu wa kwanza kulaumiwa ni mdogo kuliko wote. Asiyeandika hana cha kujitetea. Asiyesoma maelezo ya watengenezaji atanunua vifaa mpaka fedha ziishe. Na mwenye kutupa kabla ya kutazama huiingiza shule yake, au nchi yake, katika gharama isiyo ya lazima.